Msituulize Kisha Mkaondoka

Mama yangu ameulizwa mara tisa. Tulihesabu pamoja jioni moja tukichambua maharage. Mara ya kwanza ilikuwa mpakani. Ya pili kwenye kituo cha muda. Ya tatu siku ya kuandikishwa. Baadaye akaulizwa kliniki, akaulizwa na watu wa ulinzi, akaulizwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, akaulizwa na mtu mwenye kamera, akaulizwa na wanafunzi wa chuo, na mara ya tisa akaulizwa na mradi mpya uliotaka kujua hali ya watu kabla haujaanza. Maneno yalikuwa tofauti lakini swali lile lile: ni nini kilikupata, na sasa unajisikiaje?

Ile mara ya tisa walimwonyesha karatasi yenye nyuso tano zilizochorwa, kuanzia unaolia mpaka unaocheka. Aweke kidole panapomfaa. Mama akaweka kwenye uso wa katikati. Nikamuuliza baadaye kwa nini wa katikati, wakati mimi ninayelala chumba cha pili najua usiku wake ulivyo. Akanijibu: "Ule unaolia, watakuuliza tena mambo mengi. Ule unaocheka, watasema unadanganya. Wa katikati wanakuacha ukapike."

Wale walioandika ripoti ile waliandika kwamba mama yangu yuko katikati.

Mimi ni animateri wa vijana. Nimekulia kambi ya Kinama, huku Gasorwe upande wa Muyinga, kambi iliyofunguliwa mwaka 2002. Sekondari nimemalizia Bukirasazi, upande wa Gitega, nikiishi kwa mama mmoja Mrundi ambaye nitamrudia hapa chini. Sina diploma ya saikolojia. Nina vyeti vinne vya semina, viko ndani ya nailoni juu ya dari. Lakini jambo hili nalijua pande zote mbili, kwa sababu nimeulizwa na mimi pia nimeuliza. Na ninachotaka kusema ni kifupi: kumfungua mtu kidonda kisha kuondoka si msaada. Ni kumuumiza mara ya pili. Na tunafanya hivyo, sisi wa motisha pamoja na ninyi wa mshahara, tena tukiwa na kalamu nzuri na jileti safi.

Nianze na kosa langu, ili mtu asiseme ninanyoosha kidole tu.

Mwezi wa pili mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu wetu walivuka kuingia Burundi, wengi wao kwa mto Rusizi upande wa Cibitoke. Kijana mmoja wa miaka 17 akaja kuishi na shangazi yake karibu na kwetu. Alikuwa anakuja uwanjani lakini hachezi. Anakaa pembeni, anashika viatu na simu za wenzake. Kila mtu alimwamini na vitu vyake, ila hakuna aliyejua sauti yake.

Wakati ule tulikuwa na fomu ya mradi mmoja, maswali kumi na mawili. Nilipaswa kujaza fomu ishirini kwa wiki. Nikamkalisha chini ya mti, nikamuuliza. Swali la saba likamfungua. Akasema mambo ya mto, akasema mambo ya mdogo wake, akasema mkono ulivyoteleza. Alisema karibu saa nzima na mimi niliandika. Alipomaliza alikuwa anatetemeka kama mtu wa malaria. Nikamwambia neno ambalo nilifundishwa kusema: "Asante kwa kutuamini. Alhamisi atakuja mtu wa kuzungumza na wewe."

Alhamisi hakuja mtu. Mkataba wa mshauri ulikuwa umekwisha mwisho wa mwezi, na mimi sikuwa nimeambiwa. Alhamisi iliyofuata yule kijana akanijia: "Yaya, ule mutu atakuya lini?" Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo akauliza tena. Mara ya tatu aliniuliza kwa macho tu. Mara ya nne hakuja uwanjani.

Kisha akaanza kulala mchana na kutembea usiku. Pale bombani watu wakaanza: eti amerukwa, eti ana pepo la maji. Watoto wakamtupia mawe. Na mimi nilikuwa naijua sababu, imo ndani ya fomu, na fomu iko ndani ya sanduku ambalo sijui liko wapi hadi leo.

Sasa mtu wa shirika atasema: hiyo ni bahati mbaya, fedha zilikatwa. Ni kweli zilikatwa. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga mfuko wake, kila mtu hapa alijua kwa tumbo lake kabla hajasikia redioni. Simlaumu ajenti aliyepoteza kazi, naye ana watoto. Lakini nauliza hivi: fedha zilipokatwa, mbona maswali hayakukatwa? Rasheni ilipungua, fomu hazikupungua. Kila mradi mdogo uliobaki ulikuja kutupima upya.

Na tusidanganyane kwamba kumfanya mtu aseme ni dawa yenyewe. Jambo hili limechunguzwa. Zamani watu walifikiri kwamba baada ya msiba ukimkalisha mtu kikao kimoja akasimulia yote, atapona mapema. Wakapima, wakakuta haisaidii. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri wazi kwamba kikao cha namna hiyo kisitumike. Wanachofundisha badala yake ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia mtu anahitaji nini. Sikiliza kama anataka kusema, bila kumlazimisha. Unganisha na msaada ulio wa kweli. Sisi kwenye semina tulifundishwa maneno hayo matatu, tukayaimba, tukanywa soda, kisha tukapewa fomu yenye maswali kumi na mawili. Na lile neno la tatu tulipewa bila kitu cha kuunganisha nacho.

Basi ni nini kinachosaidia? Nitatoa mifano ya watu maskini kama sisi, si ya Ulaya.

Kule Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Alimpoteza mgonjwa wake, msichana ambaye alipaswa kurudi hospitali lakini familia ilikosa nauli ya basi. Nauli, jamani! Hapo ndipo akaelewa kwamba kumngojea mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006, kwenye mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na bibi 14. Hawakuwa madaktari, walikuwa bibi wa mtaa. Waliwekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu mwenye mawazo mengi anakuja, anakaa na bibi, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja, na anarudi tena. Mpaka vikao sita. Walipima kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za huzuni kubwa kiasi cha watu 14 katika kila 100, na wale waliopata huduma ya kawaida kama 50 katika kila 100.

Karibu zaidi, Uganda. Kambi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwasikiliza wenzao, Wanyarwanda na Wasomali 277 wakiwa katika utafiti huo, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Waliosikilizwa vikao kadhaa walipata nafuu kuliko wale waliokuwa wanafuatiliwa tu kwa maswali. Soma tena sentensi hiyo: kuliko wale waliokuwa wanafuatiliwa tu kwa maswali. Na huko Rhino, wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 walijaribu mafunzo ya vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, kwa vikundi, bila kulazimishwa kusimulia chochote mbele ya wengine. Nayo ilisaidia, ilitangazwa mwaka 2020.

Mimi ukiniuliza, kitu kimoja kiko katika yote hayo. Kikao cha kwanza kina cha pili. Mtu anajua lini na wapi, na anajua kwamba hatakutana tena na mgeni anayemwambia "tuanze mwanzo".

Sasa niwageukie watu wangu, maana mashirika hayatupi mawe watoto wa watu.

Sisi tuna neno moja kwa kila ugonjwa wa ndani: jikaze. Mwanaume akilia, jikaze. Mama aliyezaa akashindwa kumtazama mtoto, jikaze. Warundi wanao usemi kwamba machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni, na sisi Wakongo tunaucheka, lakini tumbo letu nalo limejaa. Jikaze maana yake nini? Maana yake ni "usinisumbue". Ni namna yetu sisi ya kumuuliza mtu kisha kuondoka. Unampita mwenzako njiani, "Habari?", "Nzuri", na unajua kabisa si nzuri.

Na kuna pepo. Mimi ninasali, sipigi vita maombi. Kwaya imemwokoa mama yangu kuliko kikao chochote, kwa sababu Jumatano na Jumamosi lazima atoke ndani, na asipokwenda watu wanakuja kugonga. Lakini msichana mwenye kifafa akianguka, mkamfungia siku tatu bila kula mkimwombea, hapo mnamuumiza. Kifafa si pepo wala hakiambukizi. Kina dawa ya kila siku, ya bei ndogo, na inayofanya kazi kwa wengi. Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni, mngojee. Na dawa haikatwi ghafla kwa sababu mchungaji amesema amepona. Ikikatwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Hivyo hivyo mtu anayesikia sauti, au aliyeacha kula na kuoga wiki nyingi. Huyo hahitaji benchi peke yake, anahitaji daktari. Burundi ipo hospitali ya akili ya Kamenge, Bujumbura, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na mahali pa kuanzia ni kliniki ya kambi inayoandika karatasi ya kumpeleka mbele. Njia ni ndefu na karatasi za kutoka kambini zinachelewa, najua. Ndiyo maana mtu asiende peke yake.

Na sasa yule mama wa Bukirasazi. Mwaka 1993, tarehe 21 mwezi wa kumi, alipouawa Rais Ndadaye, Gitega iliwaka. Huko Kwibuka wanajeshi waliua wanafunzi wanane wa David Niyonzima. Yeye aliponea chupuchupu, na baadaye akaanzisha THARS, shirika la Warundi linalofundisha watu wa kawaida kusikiliza majeraha ya wenzao. Mama aliyenipangisha naye alipoteza watu mwezi huo. Sikumuuliza kamwe wangapi. Nilichokiona ni kwamba kila mwezi wa kumi ukifika haingii kulala ndani, anakaa jikoni na moto. Na kila mwezi wa kumi jirani yake, mama wa upande ule mwingine, mnielewe ninaposema upande, alikuwa anakuja na maziwa, anakaa kwenye kigoda, wanapiga kimya. Saa nyingine wanaongea bei ya mihogo. Miaka zaidi ya 30. Siku moja nilimuuliza jirani, bibi, kwa nini hamzungumzii jambo lenyewe? Akanitazama kama mtu asiye na adabu. Akasema: "Akitaka kusema, mimi nipo."

Kwenye semina zangu nne hakuna aliyenifundisha hilo.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: bila kuuliza hatupati takwimu, na bila takwimu hakuna fedha. Sawa. Lakini takwimu mnazo. Shirika la Afya Duniani lilishatoa hesabu mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita mtu 1 katika kila 5 ana tatizo la afya ya akili. Kambi yetu haiwezi kuwa chini ya hapo. Anzeni na hiyo. Kama lazima muulize, ulizeni mambo ya leo: unalala? unakula? nani anakutembelea? Mambo ya mto yaacheni.

La pili ni zito zaidi, na nililifikiria sana. Kwamba tusipouliza, yule anayetaka kujiua hatajulikana. Hapo nakubali, tena kwa nguvu. Ukiona mtu anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, anasema afadhali nisingekuwepo, muulize wazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Lakini ukishauliza, huondoki. Unabaki naye, unaondoa kamba na dawa ya panya, unamwita mtu anayempenda, unampeleka kliniki siku ile ile. Hilo ndilo swali linaloonyesha vizuri ninachosema. Tatizo langu ni miguu inayoondoka baada ya kuuliza.

Kwa hiyo naomba, na kwa kweli sioni kwa nini niombe, nadai mambo manne.

Moja. Mtu yeyote anayekuja kuuliza yaliyotupata aseme kwanza tarehe ya kurudi na jina la atakayerudi. Hana tarehe, hana swali. Nasi tuwe na ruhusa ya kumjibu: "Hapana, asante," bila kuogopa kukatwa kwenye orodha.

Mbili. Mradi uliobaki na wiki tatu usifungue vidonda. Wiki tatu zinatosha kufundisha kupumua polepole usiku ukiwa mzito, kupanga mechi, kutengeneza cherehani ya kikundi, kupeleka watu watano kliniki na kurudi nao. Fanyeni hayo muondoke kwa heshima.

Tatu. Wasikilizaji wawe wanaokaa hapa hapa, na walipwe motisha inayofika kwa wakati, hata ikiwa ndogo. Mshauri mmoja anayekuja na gari mara moja kwa mwezi ni mgeni. Bibi watano wa kwenye mabloku, waliofunzwa na wenye mtaalamu wa kumpigia simu jambo likiwashinda, hao ni huduma.

Nne, na hii ni yetu. Neno jikaze tulitoe mdomoni. Badala yake sema: nitapita kesho. Kisha upite kesho.

Yule kijana. Aliyemsaidia si mimi, ni fundi cherehani mmoja mzee wa bloku ya chini. Alimkuta usiku anatembea, akamwambia asubuhi aje amwashie makaa ya pasi, macho yake yeye hayaoni vizuri. Basi. Hakumuuliza kitu. Kijana akaja asubuhi, akawasha pasi. Kesho yake akaja tena. Wiki ya sita, akiwa anapiga pasi sare ya mtoto, akaanza kusema mwenyewe, na mzee hakusimamisha cherehani, akawa anaitikia tu, ee, ee. Bado usiku mwingine ni mbaya. Hajapona kama redio iliyotengenezwa. Lakini analala, na Jumapili iliyopita alivaa viatu vyake akaingia uwanjani dakika ishirini, upande wa kushoto.

Mimi nilikwenda kumwomba msamaha. Ilinichukua miezi. Nilimwambia kwamba nilimwahidi mtu ambaye hakuwepo. Akaendelea kupiga pasi, kisha akasema: "Hata wewe ungeweza kuya, yaya."

Alikuwa na haki. Ningeweza. Nilikuwa naishi milango minne tu kutoka kwake.

Kwa hiyo Alhamisi, kuanzia saa tisa alasiri, nipo chini ya ule mti wa uwanjani. Sina fomu. Kuna mkeka na mpira, na mtu akitaka kukaa kimya anakaa. Alhamisi inayofuata nipo tena.

Kama nitasafiri, nitawaambia kabla.